Punda Changarawe na Kamati ya Nyuso

Kulikuwa na nchi moja ambayo si yenu wala si ya jirani zenu, kwa hiyo tulieni. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi hupaswa kuwa nacho: bendera, wimbo, foleni, na kiongozi aliyeitwa Mtukufu Mpenda Ukweli. Aliupenda ukweli kiasi kwamba hakuruhusu mtu mwingine yeyote aushike. Amani ilitawala. Walikuwapo watu wachache tu walioitwa ofisini kwa mazungumzo mafupi, mazungumzo yakanoga, wakawa hawajarudi. Ndugu zao walielezwa wavute subira, wakavuta, na mwaka wa tano ulikuwa unaingia.

Katika nchi hiyo aliishi Somoe, mchoraji katika Studio ya Taifa ya Filamu, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyekuwa na nyumba yenye viti viwili. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili alikikalia mumewe Lipanda, mpaka miaka sita nyuma alipofariki, na tangu hapo kilikaliwa na nguo zinazosubiri pasi.

Lipanda hakuwa na picha hata moja humo ndani. Sheria ya nchi ilitaka picha zote za marehemu zirejeshwe serikalini ndani ya siku saba, ili marehemu wasiendelee kupiga kura bila kibali. Wenye kibali waliruhusiwa, na kusema haki walikuwa wapigakura watulivu kuliko wote. Somoe alipeleka picha kumi na moja, ikiwemo ya harusi. Karani aliichukua hiyo ya harusi, akaikata katikati kwa mkasi, akamrudishia nusu.

"Huyu bado yu hai," karani alimwambia kwa upole. "Chukua, mama."

Basi uso wa Lipanda ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, nao ni usoni mwa punda.

Msicheke. Miaka thelathini kabla ya hapo, Lipanda alikuwa amechora kwa mkono filamu ya punda aitwaye Changarawe, anayevuka vilima saba kumtafuta tajiri wake na kumkuta amekwisha kuzikwa. Hakupata mtu wa kukubali kukaa mbele yake awe punda, kwa hiyo alijitazama mwenyewe katika kioo cha kunyolea. Lipanda alikuwa na unyusi mmoja, wa kushoto, uliopanda peke yake kila alipoambiwa neno la huzuni asilotaka kuliamini. Akampa Changarawe unyusi huo. Watoto wa nchi nzima walikua wakiutazama, wakamlilia Changarawe machozi makubwa kama ndimu, na hakuna aliyejua kuwa ule ni uso wa fundi mmoja mwembamba wa mtaa wa nyuma ya soko. Aliyejua ni Somoe. Kila Jumamosi mchana alifungua ghala la studio, akaweka mkanda kwenye mashine, akamtazama mumewe kwa dakika sabini na mbili.

*

Balaa lilianza Siku ya Taifa, Mtukufu alipoonyeshwa filamu ile mbele ya mabalozi. Ilifika mahali ambapo mbuzi na sungura wanacheka. Mtukufu akainua mkono, mkanda ukasimamishwa.

"Wanamcheka nani?" aliuliza.

Mawaziri walitazamana. Mmoja alijaribu kueleza kwamba wanyama wale wanacheka tu, kwa furaha, lakini kadiri alivyolieleza jambo hilo ndivyo lilivyozidi kuonekana baya, naye mwenyewe akaliona, akakaa. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Uhalisia wa Sura, na waziri wake akahutubia taifa kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu tumedanganywa na mbuzi. Mbuzi anayetabasamu ni mbuzi mwenye siri, na mwenye siri ana wenzake. Kuanzia leo, mbuzi wa taifa hili atakuwa mbuzi. Filamu hii itatengenezwa upya kwa kompyuta za kisasa, unyoya kwa unyoya, ukwato kwa ukwato. Na mikanda ya zamani, kwa kuwa serikali hii haitupi kitu, itayeyushwa itengenezwe vitana vya nywele."

Wananchi walipiga makofi kwa muda uliopangwa.

Somoe alipewa kazi ya uso wa Changarawe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeujua vizuri zaidi. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akapiga hesabu ambayo hata mtoto angeiweza. Akifaulu kuuvusha ule unyusi mpaka filamu mpya, Lipanda ataendelea kuwapo duniani. Asipofaulu, Lipanda atakuwa kitana.

*

Kamati ya Ukaguzi wa Nyuso iliongozwa na Dakta Mhandisi Kidundo, mtu mrefu aliyetembea na rula ya chuma mfukoni. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na miwani ya kusomea na miwani ya kutilia shaka. Somoe aliwaonyesha Changarawe mpya kwenye kioo cha kompyuta: manyoya ya kijivu yaliyopeperuka moja moja, vumbi begani, pua yenye unyevu. Kamati iliguna kwa kuridhika. Kisha punda akaambiwa habari za msiba, na unyusi wa kushoto ukapanda.

Dakta Kidundo alisogea, akaupima kwa rula.

"Milimita tisa," alisema. "Ndugu Somoe, punda wa kawaida ana nyusi?"

"Hana, mheshimiwa."

"Basi hiki ni nini?"

Somoe alitaka kusema, ni mume wangu. Akasema, "Ni ili watu wajue kwamba ameumia."

"Watu watajuaje jambo ambalo punda mwenyewe halionyeshi? Huo ni uchochezi." Aliirudisha rula mfukoni. Hakuwa mtu mkali, alikuwa tu mtu aliyekwisha kupewa majibu kabla ya maswali. "Lakini serikali haimwonei mtu. Tutaleta punda halisi, apewe habari hizo hizo, na uso wake utapimwa. Ukibadilika, na wako ubadilike. Hatuwezi kutenda haki zaidi ya hivyo."

Wakamleta punda. Alitwaliwa kwa muuza maji mmoja aitwaye Ngoda, aliyekuwa na punda wawili wa kuvuta mkokoteni, Debe na Dumu. Walichukua Debe. Dumu walimwachia mwenyewe kwa huruma ya serikali.

Debe alisimamishwa katikati ya ukumbi. Mjumbe mmoja aliyevaa koti jeusi alimsomea barua: "Kwa masikitiko makubwa, tunakuarifu kwamba tajiri wako amefariki dunia." Wapimaji wakapima. Uso ulikuwa vilevile. Akasomewa mara ya pili kwa huzuni zaidi, mjumbe akatoa leso. Uso ulikuwa vilevile. Mara ya tatu punda alinya, jambo lililoingizwa kwenye kumbukumbu za kikao chini ya kichwa cha maoni mengineyo.

"Umeona, Ndugu Somoe," Dakta Kidundo alisema. "Msiba si jambo la usoni."

Hata hivyo kamati ilikuwa makini, na haikutaka kuambiwa imefanya haraka. Iliagiza Debe afungwe katika ua wa studio kwa siku arobaini, na Somoe amtazame kila siku toka asubuhi hadi saa kumi na moja, akiandika katika Daftari la Hisia. Daftari lilikuwa na safu tatu: Saa, Hisia Zilizoonekana, na Sahihi.

*

Siku ya kwanza Somoe aliandika: hakuna. Siku ya pili: hakuna. Alikuwa na hasira na yule punda. Alimwekea majani na pumba na kumwambia, "Wewe ndiye uliyemmaliza Lipanda. Ungekunja hata pua."

Debe aliendelea kutafuna.

Siku zilikwenda. Ua ule ulikuwa na ukuta mrefu na lango la bati, na nje ya ukuta ilipita njia iendayo bombani. Somoe alikaa kwenye kigoda, punda alisimama kivulini, na hakuna aliyekuja kuwasalimu. Wenzake wa studio walimpitia mbali, maana mtu aliyepimwa kwa rula hukaa na harufu ya rula. Aliyakumbuka maisha yake na kukuta kwamba, toka Lipanda aondoke, kiumbe aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote ni huyu. Jambo hilo lilimuuma, kisha likamchekesha kidogo, kisha likamuuma tena.

Siku ya tisa ndipo alipoona. Ilipata saa kumi alasiri, Debe akaacha kutafuna. Masikio yake mawili, ambayo mchana kutwa yalikuwa yakifukuza nzi kila moja kwa wakati wake, yaligeuka pamoja yakaelekea ukutani, yakatulia. Baada ya muda ndipo Somoe naye akasikia magurudumu ya mkokoteni yakilia njiani, na kwato za punda mmoja. Ni Dumu anakwenda bombani. Debe hakulia wala hakuvuta kamba. Alisikiliza mpaka magurudumu yakaisha, kisha akarudi kwenye majani.

Siku ya kumi ikawa hivyo, na ya kumi na moja. Siku ya kumi na tano mkokoteni haukupita. Mlinzi wa lango alisema kwamba Ngoda amebadili njia, kwani Dumu peke yake hawezi kuupandisha mlima ule. Tangu siku hiyo hakupita mkokoteni wala kwato.

Saa kumi Debe aliacha kutafuna. Masikio yaligeukia ukutani, yakatulia. Yalikaa hivyo dakika moja, ya pili, ya tano. Njia ilikuwa kimya. Kesho yake tena, na kesho kutwa, kila saa kumi.

Somoe aliketi na daftari magotini, na kalamu ikamshinda. Lipanda alikuwa akirudi nyumbani saa kumi. Aligonga lango mara mbili kwa ufunguo, hakuwa mtu wa kupiga hodi. Miaka sita sasa, kila saa kumi, popote alipo, Somoe alinyamaza kidogo. Ikiwa ana sindano mkononi, iliacha kwenda, ikiwa anazungumza, alisahau neno. Hakuwahi kumwambia mtu, na hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu usoni hapakuwa na kitu.

Alilia, akiwa pale kwenye kigoda, mbele ya punda wa serikali. Kisha akafuta macho akaandika: Saa kumi. Hakuna. Akatia sahihi.

*

Aliporudi kwenye kompyuta, aliifanya upya sehemu ya msiba. Changarawe anafika, anaambiwa, anasimama. Anaacha kutafuna. Masikio yanageukia mlango wa nyumba ya tajiri wake, yanatulia, na hapo Somoe akaiacha picha ikae. Dakika moja na sekunde kumi, bila muziki, huku nzi wakija na kuondoka.

Siku moja mchana, wajumbe wakiwa semina, alibaki peke yake na mashine na akaona kwamba nafasi ndiyo hiyo. Aliuchukua ule unyusi alioufanya zamani, akamwekea Changarawe, akaupandisha milimita tisa. Hakuna ambaye angegundua mpaka siku ya onyesho.

Akatazama. Manyoya yalikuwa ya kweli, vumbi lilikuwa la kweli, masikio yalikuwa yakisikiliza njia tupu, na juu ya jicho kulikuwa na kitu kilichobandikwa. Hakikuwa Lipanda, wala hakikuwa Debe. Kwenye karatasi, kwa wino na mkono wa mumewe, unyusi ule ulikuwa ukipumua. Hapa ulimfanya punda aonekane kama anauliza bei.

Somoe alikaa nao mpaka kivuli cha dirisha kilipofika mlangoni. Aliuambia kwaheri kwa jina la Lipanda. Kisha akaufuta, yeye mwenyewe, kwa kidole chake, bila kamati.

Wiki hiyo kamati iliipitisha filamu nzima. Dakta Kidundo aliweka rula juu ya jicho la Changarawe kwa dakika moja na sekunde kumi. "Sifuri," alisema kwa fahari. "Sifuri kamili."

*

Onyesho la kwanza lilifanyika adhuhuri, katika Ukumbi wa Ukweli, taa zikiwa zimewashwa. Taa ziliwashwa kwa sababu nyuso za wanyama hazikuonyesha kitu, na wizara ilikuwa imemgawia kila mtazamaji Mwongozo wa Hisia wa kurasa arobaini ili asome huku akitazama. Mlangoni kila mgeni alipewa pia kitana kipya cha rangi ya kahawia. Somoe alikipokea cha kwake kwa mikono miwili. Alikaa safu ya mwisho, akakishika, na hakuthubutu kukipitisha kichwani.

Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mbuzi alitokea akiwa amekauka uso kama hakimu. Watu wakafunua mwongozo: "Dakika ya tatu: mbuzi anafurahi. Wananchi wafurahi." Wakafurahi. Sungura alisimulia utani bila kutikisa hata mdomo wa juu, ukumbi ukatafuta ukurasa, ukacheka kwa kuchelewa kidogo. Waziri alimwinamia Mtukufu akamnong'oneza kwamba hakuna anayemcheka mtu.

Ikafika dakika ya sitini na mbili. Mwongozo ulisema: "Punda amehuzunika kwa kiasi. Wananchi wahuzunike kwa kiasi." Changarawe akasimama. Masikio yakageukia mlango.

Watu walisoma, wakainua macho, wakarudi kwenye karatasi, wakainua macho tena. Kisha hawakusoma tena. Katika safu ya tatu mwanamke mmoja, ambaye mwanawe alikuwa kwenye mazungumzo mafupi mwaka wa tano, aligeuza kichwa polepole akautazama mlango wa ukumbi. Jirani yake akageuka. Akageuka mzee mmoja, akageuka mwalimu na wanafunzi wake, safu kwa safu, hakuna aliyelia, watu mia nane wameutazama mlango, kila mmoja akimsikiliza wake. Askari aliyesimama mlangoni alidhani wanamtazama yeye, akakagua vifungo vyake. Kisha naye akageuka akachungulia nje.

Somoe aliona kichwa kimoja kikigeuka katika safu ya kwanza, miongoni mwa wakubwa. Alikuwa Dakta Mhandisi Kidundo.

"Wanamsubiri nani?" Mtukufu aliuliza. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama.

*

Uchunguzi ulichukua wiki tatu. Filamu ilipitiwa picha kwa picha, na hazikuonekana nyusi, chozi, wala mdomo uliopinda. Haikuwezekana kukata kitu, maana hakukuwa na kitu. Mwishowe wizara iliamua kosa ni la mlango, ukazibwa kwa matofali, na tangu siku hiyo watazamaji waliingia ukumbini kwa kupitia dirisha la choo. Debe naye akatangazwa kuwa punda asiyehitajika tena kwa shughuli za taifa.

Dakta Kidundo alileta mwenyewe hati ya kumwachia Debe. Alimkuta Somoe uani.

"Nimeikagua mara kumi na nne," alisema. "Uso haukubadilika."

"Haukubadilika, mheshimiwa."

"Kwa hiyo hakuna kosa."

"Hakuna."

Aliigeuza rula mkononi. "Kaka yangu alikuwa haji ila wakati wa chai," alisema. "Nikawa namwambia, wewe unafuata mandazi." Somoe alingoja aendelee. Yeye akaomba sahihi mbili, moja juu na moja chini, akaondoka.

Kabla ya kumtoa, Somoe alikichukua kile kitana cha kahawia, akamchana Debe shungi lote, toka utosini hadi mabegani, taratibu, kila fundo. Meno ya kitana yalikuwa laini. Hakuweza kujua ni kipande gani cha filamu kilichoingia humo, vilima, mbuzi au uso. Alipomaliza alikikung'uta, akakitia mfukoni.

Walikwenda kwa miguu mpaka kwa Ngoda, muuza maji, aliyekuwa akifunga magurudumu uani kwake. Dumu alisimama kando ya pipa, mbavu zimetoka. Debe alipoingia langoni, Dumu alikuja, akaweka shingo yake juu ya shingo ya mwenzake, wakatulia. Masikio ya Debe yalilegea yakaanguka pande mbili. Nyuso zao zilikuwa vilevile.

Daftari lilikuwa na mstari mmoja uliobaki, wa siku ya makabidhiano. Somoe aliegemea pipa akaandika.

"Wanakuandikisha nini, dada?" Ngoda aliuliza.

"Hisia zilizoonekana."

"Umejaza nini?"

"Hakuna."

Ngoda aliwatazama punda wake. "Acha hivyo hivyo," alisema. "Wasije wakamchukua tena."

Akamletea maji ya kunywa kwenye bakuli. Somoe alikunywa, akashukuru, akaaga. Alitembea haraka njia nzima, na alipofika kwake ilikuwa bado kidogo saa kumi. Alitoa zile nguo kwenye kiti cha pili, akakipangusa, akakiweka kitana juu yake. Kisha akaketi kwenye kiti chake na kuugeukia mlango. Mtu angekuwapo pale na rula, angepima sifuri.